Zawadi ya Kobe

Zawadi ilipokelewa Jumanne, saa kumi na dakika saba alasiri. Ujumbe uliingia kwenye simu ya Mwalimu akiwa bado anasahihisha madaftari ya hesabu: *Kobe amepokea zawadi yako. Anakushukuru.* Mwalimu akausoma, akatabasamu, akashika tena kalamu nyekundu. Kisha kalamu ikamtoka mkononi, kwa sababu Kobe alikuwa na siku arobaini na moja kaburini, na Mwalimu mwenyewe alikuwa mmoja wa waliomshusha.

Utauliza, mtu mzima mwenye akili timamu anamtumiaje marehemu zawadi? Una haki ya kuuliza.

Walikuwa watatu. Mwalimu, Injinia, ambaye uinjinia wake wote ulikuwa kuuza miwani na kukaza skrubu zake, na Kobe, aliyebandikwa jina hilo kwa sababu katika gemu lolote yeye ndiye alikuwa wa mwisho kufika, akisimama njiani kutazama maua. Kwa miaka kumi na mmoja walicheza pamoja, kila mtu nyumbani kwake, hedifoni masikioni. Tuseme ukweli, kucheza kwenyewe kulikuwa kidogo. Kazi yao kubwa ilikuwa maneno: gemu gani linatoka mwezi ujao, lipi limeahirishwa tena, trela ipi imewadanganya watu, punguzo la msimu litaanza lini, na safari hii nani ataingia mkenge wa kununua gemu alilonalo tayari. Kila msimu alikuwa Injinia.

Walikuwa na mila yao. Punguzo likifika, kila mmoja humtumia mwenzake gemu moja, na hakuna anayerukwa hata kama mmekosana. Na walikuwa na gemu lao la moyoni, Mlima wa Chumvi, ambalo sehemu yake ya tatu waliingoja miaka saba. "Mimi siondoki duniani kabla ya sehemu ya tatu," Kobe alizoea kusema. Akaondoka. Moyo wake ulisimama asubuhi moja akiwa kwenye kochi, hedifoni masikioni, umri miaka thelathini na minane, wiki tano kabla gemu halijatoka.

Basi sehemu ya tatu ikatoka wiki ileile ya punguzo. Mwalimu akampigia Injinia simu, na Injinia akasema, "Tukimruka, ndiyo tumemzika kweli." Mwalimu akabonyeza kitufe. Waliona ni upendo tu. Na kweli ulikuwa upendo, hilo ndilo linalouma hadi leo.

Jioni ileile ujumbe wa shukrani ulipoingia, wakaenda kwa mjane. Mke wa Kobe alikuwa mshonaji wa sare za shule. Sebule yake ilikuwa na pande mbili: huku cherehani ya umeme na rundo la kola nyeupe, kule runinga, kochi na mashine ya gemu. Kwa miaka tisa ya ndoa alishona akiwa amempa mumewe mgongo, naye mumewe alicheza akiwa amempa yeye mgongo.

"Shemeji, umeiwasha ile mashine?" Mwalimu aliuliza.

"Niiwashe ya nini? Waya nimeufunga mwenyewe siku ya msiba."

Akawaonyesha. Waya ulikuwa umeviringwa na kufungwa kwa kipande cha kitambaa cha sare, umewekwa juu ya kabati. Injinia akaweka kiganja juu ya mashine, akakiondoa haraka.

"Ina moto," akanong'ona.

Ndipo wote watatu wakaisikia harufu. Vumbi lililopata joto, kama mashine iliyofanya kazi kutwa nzima, na chini yake harufu nyingine tamu kupita kiasi, ya marashi yaliyochacha. Taa ya mashine ikawaka, bila waya, bila mtu. Hedifoni zilizoning'inia msumarini zikakohoa kidogo, kile kikohozi cha Kobe cha kusafisha koo kabla ya kubisha jambo.

"Mmechelewa," ikasema sauti. "Leo nani kobe?"

Wangetakiwa kukimbia. Hawakukimbia. Injinia alipiga magoti sakafuni akalia kama mtoto, Mwalimu akashika ukuta, na mjane akanyoosha mkono taratibu mpaka msumarini, akazivaa zile hedifoni kichwani kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Kuanzia siku hiyo, kazi zikiisha, wanaume walikimbilia kwenye mashine zao na Kobe alikuwa hewani. Alikuwa ndiye, kwa kila kitu. "Sehemu ya tatu wameiharibu," alilalamika. "Farasi wamewaondoa."

"Hawajaondolewa, wako mbele! Fika kwanza!" Injinia alifoka, na machozi yalikuwa yakimtiririka kwa raha ya kubishana naye tena.

Halafu akaanza kuwaambia yajayo. Gemu fulani litatangazwa Alhamisi, likatangazwa Alhamisi. Lile la mbio za magari litaahirishwa, likaahirishwa. Walicheka. Injinia akasema kufa kumemnoa jamaa. Hawakujiuliza ameyajulia wapi, kwa sababu mtu aliyerudishiwa alichopoteza haulizi kimetokea wapi.

Mjane ndiye aliyekuwa akiisha. Cherehani ilinyamaza. Kola zilirundikana, wazazi waligonga mlango wakaondoka na hasira zao. Alikaa kwenye kochi tangu asubuhi, hedifoni kichwani, akisikiliza zaidi ya kusema, na shavu lake likabonyea hata Mwalimu alipompelekea mkate hakumtambua kwa haraka.

"Kula, shemeji."

"Nyamaza kidogo," alijibu kwa sauti ya chini. "Ananiongelesha. Unajua miaka mingapi hakuniongelesha hivi?"

Ijumaa ya pili, Kobe akaanza kusoma orodha ya gemu zinazokuja, kama zamani. "Tarehe tisa, lile la maharamia. Tarehe kumi na sita, lile la mashamba, sehemu ya pili. Tarehe ishirini na tano, mke wangu."

Mwalimu akasimamisha gemu.

"Umesema nani?" Mwalimu aliuliza.

"Mke wangu. Tarehe ishirini na tano. Haiahirishwi." Kisha akakohoa kikohozi chake na kuendelea. "Tarehe thelathini, lile la anga."

Mwalimu alivua hedifoni, akaenda moja kwa moja kwa shangazi yake. Bibi huyo alifanya kazi miaka thelathini na mmoja ya kuunganisha simu za watu kwa mkono, enzi za waya na plagi, na watu wa mtaa walimfuata kwa mambo ya namna hii kwa sababu alijua sauti. Alimsikiliza hadi mwisho bila kupepesa.

"Laini ikiwa tupu na bado mnaita, kuna wanaopokea," alisema. "Mimi nimewasikia. Ni majini, hawana sauti yao, huazima. Huyo mmemwita nyinyi, tena na zawadi mkampa. Zawadi inarudishwaje kwenye hilo duka lenu?"

Mwalimu akaeleza. Gemu hurudishwa kama limechezwa chini ya saa mbili tu. Aliyepokea ndiye anayeomba kurejesha, kwa neno la siri la akaunti yake, kisha aliyetuma anathibitisha. Neno la siri la Kobe alilijua mkewe peke yake.

"Limechezwa muda gani?"

Mwalimu akatazama kwenye simu yake. Hakuna mkono uliowahi kugusa pedi ya kuchezea ya mashine ile, lakini dakika zilikuwa zikipanda kila siku. Dakika arobaini na nne. Alipiga hesabu, maana ndiyo kazi yake: kwa mwendo ule, saa mbili zingetimia tarehe ishirini na tano.

"Zikitimia, zawadi ni yake," shangazi alisema, "na aliye ndani ya nyumba pia ni wake. Twende sasa hivi."

Walipoingia sebuleni ilikuwa saa kumi na moja jioni na jua lilikuwa bado kali nje, lakini ndani kulikuwa na baridi ya chumba cha maiti. Mjane hakugeuka. Shangazi akaketi pembeni yake, akamshika kiganja.

"Mwanangu, huyo si mumeo."

"Ni yeye, Shangazi. Anajua kila kitu. Anajua hata neno la mwisho tulilosemezana." Akazishika hedifoni kwa mikono miwili. "Asubuhi ile nilimwita. Akainua hedifoni sikio moja akasema, 'Umesema?' Nilikuwa na hasira, nikamjibu, 'Hakuna.' Basi. Ndivyo tulivyoagana. Nani mwingine angejua?"

"Hedifoni alikuwa nazo, au hakuwa nazo?"

"Alikuwa nazo."

"Basi na huyo alisikia, maana kinachopita kwenye laini wote wanakisikia. Muulize jambo ambalo mumeo alilisema akiwa amezivua. Moja tu. Na akikosa, usimtajie jibu wewe, leo wala siku yoyote. Hilo neno ndilo mlango pekee asiokuwa na ufunguo wake."

Mjane akafikiri. Na hapo ndipo Mwalimu, aliyesimama mlangoni, alipoona jambo ambalo hakulisahau, kwa sababu uso wa yule mwanamke ulianza kutafuta, ukatafuta mwaka huu na mwaka jana, ukarudi hadi mwaka wa harusi, chakula cha mchana na cha jioni, ugomvi na kusameheana, na kila alipompata mumewe alimkuta na zile hedifoni masikioni, akiitikia kwa kichwa, akicheka na wengine, na miaka tisa ikapita yote mbele ya macho yake bila yeye kupata neno hata moja lililokuwa lake peke yake. Mwalimu akaangalia chini. Yeye na Injinia ndio waliokuwa upande wa pili wa hizo hedifoni.

Dakika zilisomeka kwenye runinga. Saa moja na hamsini na moja. Zilikuwa zimeiacha mbali hesabu ya Mwalimu, na bado zilikimbia.

Kisha mjane akainua kichwa. "Umeme ukikatika," alisema polepole kwenye kinasa sauti cha hedifoni, "ulikuwa unaniambia nini?"

Sauti ilicheka. "Mke wangu, maswali gani haya?"

"Nijibu. Ulikuwa unazivua, unakuja kukaa kwangu, kwenye kiti cha cherehani. Unasema neno moja. Kila mara lilelile."

"Nilisema nakupenda."

"Hukuwahi."

"Nilisema giza limeingia, nilisema tuwashe mshumaa, nilisema pole na kazi," ikasema sauti, na ilikuwa ikienda haraka sasa, ikijikwaa, ikichukua sauti ya Injinia, ikaiacha, ikachukua ya Mwalimu, ikaiacha, ikarudi kwa Kobe na kuanza kulia kwa kilio chake, ikisema usinifunge tena huko, kuna baridi, nilikuwa peke yangu, nilisubiri miaka saba, nipe dakika nne tu mke wangu, na harufu ya marashi yaliyochacha ikajaa hadi kooni, na kola nyeupe juu ya meza zikaanza kujifunga na kujifungua kifungo kimoja kimoja kana kwamba kuna shingo ndani yake.

"Bonyeza, mwanangu!" shangazi akapiga kelele.

Saa moja na hamsini na nane. Mjane aliandika neno la siri huku akilia. Alipofika kwenye *Rejesha* akasita, akasema, "Nisamehe kama ni wewe," akabonyeza. Mwalimu akathibitisha kwenye simu yake. Taa ikazimika. Kola zikalala.

Injinia aliibeba mashine siku ileile akaenda kuivunja kwa nyundo dukani kwake, kipande kwa kipande. Akaunti ikafutwa. Kola zikashonwa, wazazi wakaridhika, tarehe ishirini na tano ikafika na kupita kama siku nyingine. Mwalimu na Injinia hawakuzungumzia tena gemu zinazokuja. Msimu wa punguzo ulipofika tena, kila mmoja alizima simu yake bila kumwambia mwenzake.

Kitu kimoja tu mjane hakumpa Injinia. Hedifoni. Alizificha kwenye droo ya vifungo, kwa sababu sifongo zake bado zilikuwa na harufu ya kichwa cha mumewe.

Miezi saba baadaye, jioni ya mvua, umeme ukakatika. Cherehani ikanyamaza katikati ya mshono. Kwa mazoea ya miaka tisa, mjane akaondoa mikono kwenye kitambaa, akasogea upande mmoja wa kiti, akangoja. Alingoja muda mrefu. Mvua ilipiga bati, na sebuleni hapakuwa na mtu wa kuvua chochote wala kuja kukaa. Hapo ndipo alipoelewa kwamba mumewe amekufa. Alikuwa akilijua jambo hilo kwa karibu miezi tisa, lakini kulielewa alilielewa jioni hiyo, na lilimwelemea kuliko siku ya kaburi.

Alilia mpaka akachoka. Alitaka kulisikia lile neno la mumewe mara moja tu, hata kwa kinywa chake mwenyewe.

"Haya, nimerudi," alisema gizani.

Ndani ya droo, kati ya vifungo, kitu kikakohoa kidogo.

Harufu ya marashi yaliyochacha ikapanda. Droo ikafunguka yenyewe, taratibu. Hatua zikavuka sebule kutoka upande wa kochi, bila haraka, kama za mtu anayesimama njiani kutazama maua, zikaishia kwenye cherehani.

"Haya," ikasema sauti, na safari hii haikukosea chochote. "Nimerudi."

Mjane alijua si yeye. Alijua vizuri kabisa. Akafuta machozi, akasogea zaidi, akampisha akae.