Kijivu Hakwenda Kishushe

Kila alfajiri Ndila alikamua ng'ombe wake huko Ndara, kisha akampikia Sylus, mwanawe, chai. Siku hiyo chai ilipoa wakijiandaa kwa safari. Binti yake Wakio alikuwa amejifungua kule Kishushe, na ng'ombe wote watano wa wakwe zake walikuwa na mimba, hawakamuliwi. Ndila aliahidi kumpelekea Kijivu, ng'ombe wake wa maziwa. Ahadi kwa mzazi haivunjwi.

Lakini karantini ilikuwa imetangazwa. Ugonjwa wa miguu na midomo ulikuwa umeonekana, na ng'ombe hawakuruhusiwa kutoka Ndara. Sylus alisema Kijivu ni mzima, angempitisha porini.

Kamba ilikuwa tayari shingoni mwa Kijivu wakati Kimanzi, afisa wa mifugo, alipofika. Alisimama langoni, akaosha viatu vyake kwa dawa kabla ya kuingia. Ndila aliliona hilo.

"Mama, huyu anaenda wapi?"

"Kwa mjukuu wangu. Karantini yenu ni jela ya Kizungu tu."

Kimanzi aliketi juu ya ndoo. Akaeleza kwamba Waingereza nao walilipokea neno hilo kutoka Italia. Zamani, tauni ilipokuwa ikiua watu, meli ngeni zilingojeshwa siku arobaini kabla ya watu kushuka. Arobaini ya Kiitaliano ndiyo iliyozaa neno karantini. Siku hizi hesabu hubadilika. Karantini huisha daktari wa mifugo anapoifungua.

"Mnyama huonekana mzima, Mama, kumbe ugonjwa umo ndani. Kungoja ndiko kunakoonyesha."

Ndila aliishika kamba. "Nilipomzaa Wakio, mama mkwe alinifungia ndani, akazuia wageni mlangoni. Nilidhani ananitesa. Kumbe alikuwa akimlinda mtoto."

"Ni hivyo hivyo."

Ndila akaifungua kamba mwenyewe. Sylus alinung'unika kwamba mama ameajiriwa na serikali.

Siku ya nne Kijivu alidondosha mate, akaanza kuchechemea. Sylus alimtazama kwa muda mrefu, akiwafikiria ng'ombe watano wa shemeji yake. Akampigia Kimanzi simu. Kisha akamtenga Kijivu, akamwekea maji karibu ili asitembee.

Karantini ilipofunguliwa, Kijivu alikuwa amepona, lakini Kimanzi alishauri abaki nyumbani, kwani ng'ombe aliyepona huweza bado kubeba ugonjwa. Ndila akaenda Kishushe mikono mitupu, moyo mzito.

Wakio alimpakata mtoto, akamkaribisha mama yake kwa kikombe cha chai. Chai ilikuwa nyeupe.

"Maziwa haya ni ya nani?"

"Ng'ombe wa hapa, Mama. Wawili wamezaa."

Ndila alikishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa taratibu mpaka kikaisha.