Wimbo wa Shada

Kalolaine alikuwa akipanga matikiti maji mezani pake, soko la Talamahu likivuma kama mzinga wa nyuki, kibanda cha jirani kilipofungulia wimbo wa Shada. Mkono ulimsimama hewani. Magitaa manne na gitaa dogo la ukulele, na kijana anayeuliza amvike nani shada lake la maua! Zama za usichana wake ungeweza kuvuka mji wa Nuku'alofa mzima kwa miguu usipoteze hata ubeti mmoja, kwa kuwa kila nyumba redio ilikuwa juu.

"Bado unakosea ubeti wa pili," sauti ikasema.

Kumbe alikuwa akiimba! Akainua macho. Folau, rafiki wa ujana wake! Shati la buluu lililopigwa pasi, mkeka mpya wa heshima kiunoni kama wavaavyo wanaume wa kwao, nywele nyeupe pee.

"Na wewe bado unasikiliza ya watu, mzee mzima!"

"Mzee nani? Nikatie tikiti, mpenzi, uone kama meno sina."

Kalolaine alicheka mpaka akajishika mbavu. Alikuwa mjane, Folau naye alikuwa amemzika mkewe huko kisiwani Vava'u. Jioni Folau akampigia simu, na kesho yake tena.

"Wajukuu wananiuliza nacheka na nani."

"Waambie na babu yao mpya."

Simu ya tatu haikuwa na utani. "Kalo, Jumatatu napanda meli, narudi kwangu. Jumamosi ukumbi wa kanisa wanapiga nyimbo zetu za zamani. Nitaomba Shada. Kama unanitaka, inuka ucheze. Usipocheza nitaelewa, na sitakusumbua tena."

Jumamosi alivaa gauni la zambarau, mkanda wa kusuka kiunoni, ua sikioni. Magitaa yalipoanza, Folau alimtazama kutoka upande wa pili wa ukumbi. Kalolaine akashika kiti ainuke, ndipo akamwona mwanamume mnene safu ya nyuma: Semisi, mtoto wa mama yake mdogo, aliyerudi juzi tu kutoka Auckland. Kwao binamu ni kaka, na kaka na dada hawasikilizi wimbo wa mapenzi chini ya paa moja. Miguu ilijua kabla ya kichwa. Akatoka kwa mlango wa mbele, ameinama.

Aliporudi wimbo umekwisha, kiti cha Folau kilikuwa kitupu.

Alipiga simu, haikupokelewa. Jumapili baada ya ibada alipiga tena, imezimwa. Chakula kikapoa mbele yake.

"Bibi, unaumwa?" mjukuu akauliza.

"Siumwi, mwanangu. Kula."

Moyo ulikuwa ukimwambia: amekwenda, na anaamini umemkataa.

Jumatatu asubuhi aliweka tikiti mezani, likaanguka likapasuka. Jirani wa kibanda cha muziki akamnyang'anya kisu. "Nenda huko moyo wako uliko. Nitakuuzia mimi."

Alikimbia kwa kandambili hadi gatini. Meli ilikuwa ikipakia. Na kwenye benchi, begi miguuni, shada la kuagwa shingoni, alikaa Folau. Kando yake Semisi, wanakula ndizi za kukaanga kwenye karatasi moja.

Semisi hakumtazama dada yake. Alizungumza na bahari.

"Juzi nilitoka kwa mlango wa nyuma ili dada akae. Kumbe naye katoka kwa mbele ili mimi nikae. Halafu nje nikamwona huyu bwana aliyekuwa akimtazama dada anaondoka, uso umemwanguka. Nimemtafuta jana kutwa, nimempata hapa asubuhi hii. Sina la zaidi."

Folau alifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Kaa, Kalo."

"Ulizima simu!"

"Niliogopa utaniambia kwa mdomo."

Akatoa simu na visikilizio vya mjukuu wake, kimoja akatia sikioni mwake, kingine akampa. Semisi akajizungusha, akawapa mgongo.

"Ulisema niinuke nicheze," Kalolaine akanong'ona. "Magoti yameishia barabarani."

Basi alicheza amekaa, kama wanavyocheza mama zao, mikono tu, taratibu, vidole vikikunjuka juu ya mapaja. Hakukosea pahali. Ulipofika ubeti wa pili Folau alivua shada, akalinyanyua kwa mikono miwili.

"Nimvike nani?"

"Acha maswali, nivike."

Honi ya meli ikalia.

"Meli yako hiyo."

"Wiki ijayo ipo nyingine."

"Na hiyo?"

"Hiyo tutakuja kuiangalia ikiondoka."

Semisi alibaki na kipande kimoja cha ndizi. Alikitafuna polepole sana, macho baharini, kama mtu aliyeazimia kisiishe kabla ya wimbo.