Sitini na Saba kwa Picha

Kiberiti kilinuka sebuleni asubuhi ile, na hakuna aliyekiwasha. Mke alikwenda kutazama jiko, akalikuta baridi, akarudi akisema labda ni kwa majirani. Mumewe hakumsikia. Alikuwa ameinamia simu dirishani, macho yamemtoka, kwa sababu mjane mmoja asiyemfahamu alikuwa amemtumia picha nne za sarafu ya fedha.

Watu wa sarafu walimwita Jicho. Kazi yake ilikuwa kutazama sarafu za kale na kuzipa daraja, kuanzia moja, iliyolika hadi haisomeki, mpaka sabini, isiyo na doa. Wenzake walikuwa na mwiko mmoja: sarafu iliyovaa rangi haipewi daraja kwa picha. Lazima uishike, uigeuzegeuze kwenye mwanga, maana rangi inajua kusitiri aibu. Mwiko huo Jicho aliucheka. "Wenye macho ya kuazima ndio wanaohitaji kushika," alikuwa akisema, na majivuno hayo ndiyo yaliyomponza.

Fedha ya zamani hupata rangi yenyewe. Kwanza njano ukingoni, kisha nyekundu, zambarau, buluu, zikitambaa kuelekea katikati, na mwisho wake ni weusi ambao ukishaingia haurudi. Sarafu ya mjane ilikuwa imefika kwenye zambarau, zambarau ya kumsahaulisha mtu chai yake. Juu ya shavu la kichwa kilichochongwa, chini ya rangi, palikuwa na michirizi myembamba. Sarafu ilikuwa imewahi kusuguliwa, na iliyosuguliwa hushuka daraja. Jicho aliiona vizuri kabisa, kisha akajifanya hakuiona, kwani alikwisha kupenda, na penye kupenda chongo huitwa kengeza.

"Haijaguswa," aliandika. "Sitini na saba."

Mjane alijibu upesi. "Una hakika, kaka? Wengine wote wamekataa kusema bila kuishika."

"Nina hakika, dada yangu. Sijaona nzuri kama hii."

"Basi ni yako. Mimi nimepumzika."

Tangu hapo namba yake haikupatikana tena.

Adhuhuri, mke alipokuwa akiweka kikombe mezani, kucha zake ziligonga kikombe zikalia *tiiing*, mlio wa fedha safi. Wakatazamana. Kwenye ncha ya kila ukucha palikuwa na mstari wa njano.

"Baba watoto, nimeshika nini mimi?"

"Manjano hayo," Jicho alisema, akijilazimisha kucheka. "Hujui kupika bila kujipaka? Nawa mikono."

Alinawa. Kesho yake vidole vyote vilikuwa vyekundu. Siku ya tatu zambarau ilifika kwenye viganja, na mchana, mke alipokuwa akianua nguo dirishani, jua lilimpiga mikononi. Jicho alisimama mlangoni akamtazama kwa muda mrefu.

Siku ya nne buluu ilipanda hadi viwikoni, ngozi ikawa baridi kama sinki, harufu ya kiberiti ikajaa vyumba vyote, na ncha za vidole zikaanza kuwa nyeusi. Jicho, aliyejua kuliko mtu yeyote rangi hiyo inamaanisha nini, akampigia simu shangazi wa mke wake.

Shangazi alikuwa mtoa majini, na subira hakuwa nayo hata kidogo. Alimtazama mgonjwa, kisha akamgeukia Jicho.

"Nani kamkaribisha huyu?"

"Shangazi, mimi nilitoa daraja tu. Kwa picha."

"Ulimsifu? Jini huyu huingia nyumba anayosifiwa."

Jicho akainamisha kichwa. Hapo mke akafumbua mdomo, na sauti iliyotoka ililia kama sarafu inayozunguka juu ya marumaru. "Nisifu. Nisifu tena."

"Wewe ni bandia!" Jicho alipiga kelele. "Rangi yako ya kupakwa!"

Jini akacheka, na weusi ukaruka ukapita vifundo vya mikono.

"Unamwongopea jini?" Shangazi alinong'ona kwa hasira. "Uongo ndio kazi yake! Sema ulichokiona. Fanya haraka, mwanangu anatuondokea!"

Basi Jicho akapiga magoti, akamsogelea mke wake ambaye macho yake yalikuwa yamegeuka meupe yakameta, na huku weusi ukipanda mkononi, na vioo vya madirisha vikilia vyote kwa pamoja, akasema neno ambalo kwa miaka ishirini ya kazi hakuwahi kulisema mbele ya mtu: "Nilikosea. Umesuguliwa. Shavuni, chini ya rangi. Niliona siku ya kwanza nikanyamaza, kwa sababu ulinipendeza."

Ukelele uliofuata ulipasua kioo kimoja. Kisha kimya. Rangi zikashuka mikononi, hata weusi ule usiorudi, kisha buluu, zambarau, nyekundu, njano, zikaisha.

Shangazi alipoondoka, mke alilala kitandani akiwa ameficha mikono chini ya shuka.

"Siku ile naanua nguo," alisema taratibu, "ulisimama mlangoni ukinitazama. Nilidhani unaniogopea."

Jicho aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Hukuwa unaniogopea, mume wangu. Ulikuwa unafurahia."

"Nisamehe, mke wangu." Machozi yalimtoka. "Naapa yamekwisha."

"Basi nitazame sasa. Unaniona mimi?"

Akamtazama kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo. Akaona kovu la kidevuni, mikunjo ya pembeni mwa macho, doa dogo shingoni, kimoja baada ya kingine, kwa utaratibu. Akafungua mdomo aseme ndiyo, na ulimi wake ukalia kama fedha:

"Hamsini na tatu."