Namba Saba Yaitika

Yaliyompata dada yangu Verna nayajua kuliko kamati, kuliko daktari, na kuliko mumewe anavyotaka watu waamini. Siku yalipoanza nilikuwa jikoni kwake, tunakunja mikate ya viazi kwa ajili ya gwaride la Julai. Ilikuwa siku tulivu, madirisha wazi, jirani anakata nyasi.

Mumewe, shemeji Orrin, alikuwa fundi umeme wa magari ya dharura hapa wilayani. Ambulensi yetu ilikuwa na sanduku dogo karibu na usukani, na kila kifaa garini kilikuwa na namba yake: king'ora namba moja, taa za mbele namba mbili, hivyo hivyo hadi namba saba. Sanduku likiita namba, kifaa chake huitika, kijitaa cha kijani kikawaka: nipo. Saba ilikuwa kitufe cha nyuma. Muuguzi akikibonyeza, kengele hulia kwa dereva, maana yake simama, njoo.

Tukiwa bado na unga mikononi, akaingia Lyle Brandvold, mwenyekiti wa kamati ya zimamoto na wagonjwa. Alitaka taa za rangi juu ya paa kabla ya gwaride. Orrin akamwambia namba zimekwisha, linahitajika sanduku jipya, lile tuliloliomba miaka nenda rudi. Lyle akacheka.

"Wewe si fundi, bwana? Zibanebane hapo hapo."

Basi Orrin akazipa taa za gwaride namba saba, juu ya saba iliyokuwapo. Alisema ataziondoa sherehe ikiisha. Ilipoisha, Lyle alikuwa amezipenda, akaagiza zibaki. Orrin akafyata mkia. Ndivyo alivyo, na sitamsafisha.

Novemba, muuguzi wetu Marlys Quist alikuwa nyuma na mzee aliyezimia. Njiani moyo ukambana Marlys mwenyewe. Akabonyeza kitufe. Vitu viwili vyenye namba moja viliitika pamoja, sanduku likavurugika, kengele isilie. Kule juu ya paa taa za gwaride zikawaka na kuzima, nyekundu, buluu, njano, kutoka darajani hadi hospitali. Watu waliokuwa wakichota theluji barazani walidhani dereva anatania. Walimpungia mikono.

Marlys alifika hospitali amekwisha kufa. Kamati ikasema ni moyo tu. Orrin alizing'oa taa kimyakimya. Akang'oa na kitufe, akaziba tundu kwa bati, akafunga kitufe kingine karibu na mlango kwa waya wake wenyewe, usiopita kwenye sanduku. Saba haikuwa na kitu tena. Alinieleza mimi peke yangu, analia, akaniapisha nisimwambie Verna. Kwa sababu Verna ndiye aliyechukua kiti cha Marlys.

Asubuhi ya kwanza Orrin aliwasha gari. Sanduku likaita. Kwenye saba, kijani. Nipo.

Akaifuta. Ikarudi. Akakata waya zote za nyuma. Ikarudi.

Halafu kengele ikaanza kulia kila gari likivuka daraja. Elroy, dereva, alikuwa akisimama na kukimbilia nyuma, anamkuta Verna amekaa zake, mikono mapajani, anamuuliza kuna nini. Lyle akachoka kusikia malalamiko. Akaamuru kengele ikilia darajani, gari lisisimame.

Orrin alimbembeleza mkewe aache ile kazi. Verna akataka sababu. Orrin akasema baridi ni kali. Verna alikuja kwangu akiwa amekasirika, akasema mumewe anamfanya mtoto. Nilimwangalia dada yangu usoni nikameza maneno. Siku iliyofuata nilimfuata Orrin gereji.

"Leo utamwambia," nikamwambia. "Usipomwambia, namwambia mimi."

"Akirudi," akanong'ona. "Wakirudi tu, namwambia yote."

Verna na Elroy walikuwa wamekwenda kumpeleka mama mjamzito hospitali. Tukawangoja. Jua lilikuwa bado juu, theluji inameremeta hadi macho yanauma. Gari likaingia. Elroy akashuka akitikisa kichwa, anacheka.

"Leo imelia tangu darajani mpaka hapa," akasema. "Nishaizoea."

Verna hakushuka.

Orrin akagonga mlango wa nyuma. Akaufungua.

Dada yangu alikuwa amepiga magoti. Macho wazi. Kitufe kipya kilikuwa nyuma yake, mkono ungekifikia bila shida. Hakukigusa. Alikuwa ameukabili ukuta wa upande ule mwingine, dole gumba lake la kulia limekandamizwa kwenye bati. Nilimshika shavu. Lilikuwa baridi.

Ndipo Orrin akasema. Alipanda, akapiga magoti kando yake, akamweleza yote: taa, namba, Lyle, Marlys, woga wake. Alieleza taratibu, hakuacha kitu, akimwita mke wangu, mke wangu. Nilisimama mlangoni nikamwacha amalize. Sikuwahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yeye saa ile, anavyosema vizuri kwa mtu asiyesikia.

Daktari akaandika moyo. Dada yangu alikuwa mzima wa afya, anaburuta kuni mwenyewe. Lyle alituma maua. Nikayatupa kwenye theluji mbele ya nyumba ayaone akipita.

Bati hilo nililifungua mwenyewe kwa bisibisi, kabla kamati haijaliuza gari. Nyuma yake hapakuwa na waya wala kitufe, tundu tupu. Lakini bati lilikuwa limevimba kuja upande wetu, limesukumwa kutoka ndani ya ukuta, alama mbili za dole gumba. Moja ni pana. Sijui ni ya nani, ingawa nadhani najua.

Ya pili ina kovu la kisu linalokata katikati, kovu alilolipata Verna tukiwa wadogo, tunamenya viazi. Niliilinganisha na mkono wake kabla hatujafunga jeneza. Ni yake. Na Verna alikuwa upande huu wa bati.