Chupa Tatu za Pota

Jumamosi hiyo baa ya Raskazone ilijaa pomoni, mpira kwenye runinga, moshi wa mishikaki machoni. Kwenye kaunta alikuwa Bibiana, gauni la kitenge cha njano, ulimi mwepesi kama kawaida yake. Akajipenyeza kijana mrefu mwenye shati jeupe lililonyooka.

"Ya moto au ya baridi, kaka?"

"Baridi kabisa, mrembo. Mpaka itoe jasho. Naitwa Anold."

Namba zikabadilishana mikono. Mwezi mzima simu hazikupumzika. Bibiana akapenda, tena vibaya.

Siku moja Anold akaleta chupa tatu za bia nyeusi ya Kimarekani, wenyewe huiita pota.

"Nilipokuwa nasoma kule, hii ndiyo ilinikumbusha nyumbani. Jioni tuonje, mpenzi."

Kwa kutaka kumpendeza, Bibiana hakuuliza inavyonywewa. Alitia moja kwenye friza mpaka ikakaribia kuganda. Jioni, alipoionja mbele ya Anold, akakunja uso.

"Mh! Bia hii au maji ya mkaa?"

Baa nzima ikaangua kicheko. Anold hakucheka. Akaondoka, na tangu hapo simu yake ikawa haipokelewi. Wiki mbili Bibiana alilala akiumia.

Jumapili, ametoka misa, wateja bado, akaziona zile chupa mbili zilizobaki nyuma ya kreti. Hazikuwa zimeguswa na friji. Akafungua moja, akamimina taratibu. Povu lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Aliponusa akamkumbuka mama yake akikaanga kahawa kule Lushoto. Akanywa. Uchungu kidogo, halafu sukari guru iliyoungua chunguni, mwisho kabisa chokoleti. Machozi yakamlengalenga. Kumbe huku ndiko nyumbani alikokuwa akikusema Anold!

Akapiga. Mara ya nne Anold akapokea.

"Usikate, mpenzi! Niliigandisha ikafa ladha. Ina kahawa ndani! Nisamehe kwa kicheko kile."

"Na chokoleti, umeikuta?"

"Nimeikuta. Njoo, nusu yako inakusubiri."

Bajaji ikamleta mbio. Wakanywa glasi moja, mmoja akionja, mwingine akimtazama.

"Nilidhani unanicheka mimi," alisema Anold.

"Wewe? Wewe nakulilia, baba!"

Anold akaisogeza chupa ya tatu. "Hii itunze. Tutaifungua siku wazee wangu watakapoleta posa kwenu."

Bibiana akaigeuza chupa, akasoma mgongoni.

"Mwisho wa matumizi, Novemba."

"Basi watakuja Oktoba."

"Septemba," alisema Bibiana, akaifungia kabatini, mbali na friza.