Mstari Mmoja wa Maharagwe

Kila asubuhi, kabla muuguzi hajaleta uji, Eulalie aliketi dirishani pa wodi na kutazama upande wa Nyantende. Kijiji chao hakionekani kutoka hospitali ile ya Bukavu, lakini alitazama tu. Huko watu walikuwa wanavuna maharagwe, naye aliyatamani hata majani yake yanayowasha mikono.

Mwaka uliopita goti lake lilivimba. Nyumbani wakasema ameteguka akiruka kamba, wakampeleka kwa Mzee Bulonza, fundi wa kuunga mifupa. Mzee alilisugua kwa majani ya moto miezi mitatu. Kumbe ilikuwa saratani ya mfupa. Walipoamua kwenda mjini, vita vilikuwa vimefunga barabara. Mwishowe walipofika, wakimbeba kwa njia za milimani, ilibidi mguu ukatwe.

Sasa zilibaki sindano za dawa ya saratani za awamu mbili. Nywele zilikuwa zimeisha, na kila sindano ilimtapisha. Ndipo ikaja habari kwamba barabara imefunguliwa.

“Maman, turudie kwetu,” Eulalie alisema. “Ule muguu mubaya balisha kuukata. Juu ya nini tunabakia huku?”

Mama yake, Maman Adélaïde, alikubali. Naye alilikumbuka shamba lake mno. Akaanza kukunja vitenge.

Daktari Françoise, aliyemtibu Eulalie, alimkuta mama akifunga mzigo. Hakugomba.

“Eulalie, ukilima na ukaacha mizizi ya majani mubaya mu udongo, inakuwa namna gani?”

“Inaota tena, Docteur.”

“Basi, mizizi ya ugonjwa wa mufupa inaweza kuwa ilishafika mu mapafu. Dawa iko inaitafuta. Ukiiacha katikati, ugonjwa utarudia na nguvu.”

“Lakini niko na hamu ya kwetu.”

“Najua. Mama yangu iko Luberizi. Miaka mbili sijamuona.”

Eulalie alilia sana. Kisha akamwambia mama afungue mzigo.

Waliporudi Nyantende baada ya sindano ya mwisho, mapafu ya Eulalie yakiwa safi, mavuno yalikuwa yamepita. Dada yake Rosalie alikuwa amemwachia mstari mmoja, ingawa nusu ya maharagwe ilishadondoka. Eulalie aliweka magongo chini, akaketi na kuchuma.

Mzee Bulonza alikuja, akachuchumaa mbele yake.

“Nilisugua kitu nilikuwa sijue,” alisema. “Toka leo, mutoto mwenye goti linavimba vile, nitamutuma kwa docteur siku ile ile. Na weye uambie wenzako: basifiche maumivu, na bakianza dawa, bamalize.”

“Nitabaambia, Muzee.”

Mzee akaanza kuchuma upande wake wa mstari, mpaka wakaumaliza.