Redio Iliyoimba Huku Ikipinduka

"Nyigu, feni imezimwa?"

Sauti ya Mkuu wake wa kazi ilimkwaruza kutoka kwenye kidude cha sikioni.

"Bado inazunguka," Nyigu alijibu, meno yameumana.

Kwa lugha yao ya siri, maana yake ilikuwa moja: kifaa hakijapatikana.

Kilikuwa kifaa cha kuongozea makombora, kidogo kama kiberiti, na kiliibwa maabara. Nyigu alimjua mwizi. Huyo hapo mbele yake, anawachekea wanafunzi: Profesa, mgeni mwenye ndevu za kuchongwa na maneno ya asali. Ushahidi ndio hakuwa nao. Aliyewekwa rumande ni mlinzi wa lango la maabara, kaka yake Nyigu, baba mmoja mama mmoja.

Ndege hii ya mafunzo ya wanaanga ilikuwa inakwenda kutua nchi jirani. Ikitua tu, Profesa hashikiki tena, na kaka ataozea jela.

Mzigo wa Profesa alikwisha kuupekua mara nne. Sahani, pia za kuzungusha za watoto, redio mbili za CD. Kitambuzi alichopewa ofisini, walichokisifia utadhani mwali, kililia kila kilipoona waya, na ndani ya ndege kila kitu kina waya. Bastola yake ya Glock ilikuwa kwapani, lakini nani apige risasi angani? Alitamani kulia kwa hasira.

"Jiandaeni!" rubani alitangaza.

Ndege ilipanda kwa nguvu, kisha ikaachiwa iporomoke. Uzito ukawatoka wote. Wanafunzi walielea wakicheka. Nyigu alielea kashika mkanda wa ukutani, macho kwa Profesa.

"Tazameni," Profesa alisema.

Alisukuma sahani bila kuizungusha. Ikapinduka ovyo. Akaisukuma tena, safari hii akiizungusha, nayo ikaenda imelala vilevile kama iko mezani.

"Kitu kinachozunguka kwa kasi ni kikaidi," alisema. "Ukikigeuza, kinagoma."

Akatoa redio moja ya CD, imezimwa. Aliigusa kidole, ikabiringika. Akaiwasha. Muziki ulipoanza aliisukuma tena, na redio ikayumba kidogo tu, uso wake ukabaki umeelekea palepale.

"CD iliyomo ndani inazunguka. Ndiyo inayoishikilia."

Rubani akainyanyua ndege. Uzito uliwarudia kwa mpigo, wakaanguka juu ya magodoro.

"Profesa, tuonyeshe na ile ya pili!" mwanafunzi mmoja alidakia.

"Aa, hiyo haiwaki. Betri mbovu."

Nyigu aliinua kichwa. Betri mbovu? Asubuhi ile forodhani redio hiyohiyo iliimba mpaka ofisa akaanza kutikisa mabega. Ndiyo maana iliruhusiwa kupita.

"Mkuu, kuna kuelea kwingine?" alinong'ona.

"Kumoja tu, halafu mnatua. Nyigu, kubali yaishe. Ndugu yako ndiye aliyekuwa zamu."

Nyigu aliikazia macho redio ya pili, iliyokuwa kwenye wavu wa mizigo.

Ndege ikaporomoka tena. Nyigu alijisukuma kwa miguu, akapita juu ya vichwa vya wanafunzi na kuipokonya redio ya pili kwenye wavu.

"Wewe dada! Weka chini!"

"Chini iko wapi, Profesa?"

Akabonyeza. Redio ikaimba, tena kwa sauti kubwa. Akaisukuma kidogo.

Ikapinduka.

Ilipinduka na kupinduka, inaimba, kama sahani ile ya kwanza. Wanafunzi wakageuka kumtazama Profesa. Somo walikuwa wamelielewa vizuri: humo ndani hamkuwa na kitu kinachozunguka.

Profesa alirusha ngumi. Ikakosa, na kwa kuwa hakuwa na pa kukanyaga, nguvu yake mwenyewe ikambiringisha kichwa chini. Nyigu alinasa mguu wake kwenye mkanda wa ukutani, akamsubiri azunguke, akamfunga pingu kwenye bomba.

Alikifungua kifuniko cha redio kwa kisu. Mota ilikuwa imeng'olewa. Mahali pake palikuwa na kidude cha muziki kisichozidi ukucha, na kando yake, ndani ya sponji, kile kifaa.

"Feni imezimwa," alisema.

Sauti ya Mkuu ilikwaruza tena. "Una hakika?"

"Mwambie rubani ageuze. Na kaka yangu atoke leo."

"Kwanza ripoti, halafu tutaanga..."

Nyigu alichomoa kidude sikioni, akakitia mfukoni.

Jioni kaka alitoka rumande ameshikilia suruali kiunoni, mkanda wamempotezea. Alikuwa amekonda. Nyigu alimsogelea, akafungua mdomo kumpa pole. Kaka akamwahi.

"Mbona umechelewa hivyo?"

Hasira za siku nzima zilimpanda, zikafika kooni, zikamwishia hapohapo.

"Nilikuwa naelea," alisema, akavaa miwani yake ya jua na kutangulia getini, bila haraka, kaka akimfuata nyuma na suruali yake mkononi.